Gurudumu la Mbele Halikuwa na Kosa

Mke mwenzangu, Mama Rehema,

Salamu hizi zipokee ukiwa umekaa, maana na mimi nazitoa nimekaa. Kusimama siku hizi ni safari. Niko barazani kwangu hapa Mlali, miguu nimeinyoosha mkekani, na Mwalimu Sefu wa chuo cha Kurani yuko mbele yangu na kalamu yake. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno. Nikijitukana, aandike nimejitukana.

Goti la kushoto limekufa, la kulia linaumwa kwa niaba ya mwenzake. Mwanangu Mwajuma hajambo. Wajukuu wanakula kama nzige. Basi, habari zangu ndizo hizo. Sasa nisikilize.

Nimesikia posa ya Rehema imevunjwa. Mwajuma alinijia na habari hiyo kutoka kisimani, ndoo ikiwa bado kichwani. Mama wa yule kijana amesema mbele ya wanawake wote, "Hatuoi kwenye nyumba ya mwanamke aliyemwua mumewe kwa nati." Nilikuwa nakula. Nikalisukuma sinia. Mwajuma akaniuliza, "Mama, chumvi imezidi?" Nikamwambia, "Ndiyo, imezidi."

Mama Rehema, maneno hayo sikuyasema mimi. Lakini yalizaliwa kwenye ua wangu huu, na mimi niliyaangalia yanatambaa, yanasimama, yanatembea, mpaka yamevuka milima na kukufikia huko kwenu Matombo. Mtoto wa kike atakosa mume kwa ajili ya kitu ambacho mama yake hakukifanya. Na anayemjua aliyekifanya ni mimi peke yangu.

Barua hii itasomwa msikitini Ijumaa, watu wakishasali, kabla haijaanza safari ya kuja kwako. Watakuwepo wazee wa lukolo, ukoo wa marehemu, atakuwepo na baba wa yule kijana. Kwa hiyo nikikueleza mambo unayoyajua, usinune. Nawaeleza wao.

Mume wetu, Mzee Salum, Mungu amrehemu, alikuwa tarishi wa shamba la mkonge. Barua za Mdachi zikishushwa na gari moshi Morogoro, yeye huzichukua na kuzileta shambani huku. Za huku huzirudisha stesheni. Akawa na nyumba mbili kwenye ncha mbili za njia moja, yako mjini na yangu Mlali. Siku mbili kwako, siku mbili kwangu. Mdachi mmoja wa reli alipokuwa anarudi kwao alimwachia baiskeli. Watu wakasema Salum kaachiwa mali. Mimi nilipoiona nikasema kaachiwa kilema.

Unakumbuka ilivyokuwa? Gurudumu la mbele kubwa, la nyuma dogo. La nyuma la asili lilivunjika zamani, na yule Mdachi akatia alilolipata. Ikisimama uani ilikuwa kama mbwa aliyekaa anangoja mfupa. Na Mzee wetu kuipanda alijua, kuitengeneza hajui kabisa. Hata upepo ukipungua alikuwa analibonyeza tairi kwa kidole na kuliambia, "Vumilia."

Sasa, desturi yetu nani asiyeijua? Mume akitoka kwenye zamu yako asubuhi, atoke ameoga, ameshiba, kanzu nyeupe. Akitoka mchafu, aibu si yake, ni yako. Basi na baiskeli ikaingia kwenye aibu hiyo. Akija kwangu ananiambia, "Kule mjini mnyororo unang'aa." Siku nyingine, "Kule mjini haipigi kelele." Mjini, mjini! Mimi napaka mafuta ya nazi, vumbi linaganda, mnyororo unalia kama mtoto mwenye upele. Nikaamka siku moja alfajiri, nikajifunga kanga mbili, nikatembea mpaka Morogoro kuja kukupiga. Naam. Nilikuja kukupiga. Mwalimu Sefu ameinua macho, andika, Mwalimu.

Nikakukuta uani kwako baiskeli umeigeuza juu chini, mpira wa ndani umeutumbukiza kwenye beseni, shavu lina matope. Nimefungua mdomo nianze, wewe hukuniangalia hata. Ukasema:

"Shikamoo Bi Mkubwa. Shika hapa."

Nikashika! Mpaka leo sijui kwa nini nilishika. Ukasogeza mpira ndani ya maji, mapovu yakatoka chini ya kidole changu, ukapiga kelele kama umeokota dhahabu.

"Umeliona tundu! Mimi nalitafuta tangu asubuhi. Bi Mkubwa una vidole vya bahati."

"Nina na vya kukuchapia makofi," nikasema.

"Utanichapa baadaye. Usiachie."

Sikukuchapa. Nilikula kwako, nililala kwako, na kesho yake nilirudi Mlali na elimu ambayo hakuna chuo kilichonipa. Ulikuwa umekaa miezi ukiwaangalia mafundi wa stesheni, ukiwapelekea maandazi ili wasikufukuze. Ukanifundisha kwamba mnyororo haupakwi mafuta ya nazi, unapakwa ya nyonyo, tena kwa unyoya wa kuku, kidogo, halafu unafutwa. Kwamba tairi haling'olewi kwa kisu wala bisibisi, maana chuma kinauma mpira. Linang'olewa kwa mipini ya miko miwili, mmoja unashikilia, mwingine unatembea. Kwamba pahali pa kiraka panakwaruzwa kwanza kwa kigae cha chungu mpaka papoteze mng'aro, ndipo unapaka utomvu wa mti wa mpira, unasubiri ukauke nusu, unabandika, unakalia. "Unakalia, Bi Mkubwa. Wewe una uzito mzuri." Mshenzi wewe. Lakini kweli, viraka nilivyovikalia mimi havikubanduka.

Na ile siku ya mikono, je? Matairi yote mawili yalikuwa yamekwisha, yanaonyesha nyuzi. Mwenye duka mjini akataka kujua ukubwa ili aagize Dar es Salaam. Alikuwa anasema ishirini na nane, ishirini na sita, hesabu zake za inchi ambazo mimi na wewe hatuzijui. Tukamwambia tutampimia. Wewe ukapima la mbele kwa mkono wako: mkono mmoja, shibiri moja, na kidole kimoja. Mimi nikapima la nyuma kwa mkono wangu: mkono mmoja, shibiri moja, na vidole vinne. Tukamtumia maneno hayo, tumetulia kama mahakimu.

Mungu wangu. Wewe mrefu kama mnazi, mimi mfupi kama kinu. Mwenye duka akasikia gurudumu la nyuma limezidi kwa vidole vitatu, akaagiza kubwa kuwa langu na dogo kuwa lako. Matairi yakaja. La kwangu likaning'inia kwenye chuma kama gauni la bibi kwa mjukuu. La kwako ukalivuta, ukalikanyaga, ukalitukana, halikuingia. Mzee amekaa pembeni anasema, "Wenzangu wanaoa wake wawili wapumzike." Tulikaa pale tunatazamana, mpaka wewe ukanyoosha mkono wako ukauweka sambamba na wangu, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyako vikavuka vyangu vikaenda zao. Nilicheka mpaka nikalala chini. Tukabadilishana matairi, kila moja likakaa.

Baada ya hapo ukachonga kijiti cha mwanzi. Ukakiweka kwenye gurudumu kubwa kutoka ukingo hadi ukingo, ukakata alama. Ukakiweka kwenye dogo, ukakata alama ya pili, chini ya ile. "Sasa hatuulizi mkono wa mtu," ukasema. Na siku hiyo hiyo tukagawana: la mbele lako, la nyuma langu, popote baiskeli itakapolala. Mimi silitii mkono lako, wewe hulitii langu. Tukiwa pamoja, tunafanya pamoja, kila mtu upande wake. Watu walitucheka. Wanasema wake wenza wanagombania chungu, hawa wamegawana magurudumu.

Kuna moja sijawahi kumwambia mtu, na leo nalitoa kwa sababu nataka wajue wewe ni nani. Baada ya mavuno, Mzee amelala adhuhuri, ulikuja kwangu ukaniambia, "Bi Mkubwa, linda njia." Ukaichukua baiskeli ukaingia nayo kwenye shamba langu la mahindi lililokwisha vunwa. Kanga umeikaza kiunoni. Ukaanguka mara ya kwanza, ukaanguka mara ya pili. Ya tatu ukaenda. Ukaenda mpaka kwenye migomba, ukageuka, ukaja unanijia mimi na meno yote nje, unapiga kelele, "Inaenda! Inaenda yenyewe!" Mimi nimesimama njiani nalinda, naogopa watu na naogopa utavunja shingo, na wakati huo huo nataka usishuke. Uliposhuka ukaniambia, "Zamu yako." Nikasema mimi mtu mzima, nina wajukuu. Nilikuwa na miguu wakati ule, Mama Rehema. Nilikuwa na miguu nikaringa.

Sasa nafika. Mwalimu, chovya wino.

Gurudumu langu la nyuma ndilo lililokuwa na breki. Wale wanaosikiliza wasioijua: baiskeli ile hukanyagi mbele tu. Ukitaka isimame unakanyaga kinyume, kurudi nyuma, na ndani ya kitovu cha gurudumu kuna chuma kinakaza. Lakini kitovu chenyewe kingezunguka nacho, kama si kuwa na mkono mdogo wa chuma unaotoka pale na kufungwa kwenye mwili wa baiskeli kwa bolti moja na nati moja. Ule mkono ndio unaoshikilia breki. Nati yake ni ndogo kama punje ya hindi.

Siku ile Mzee alikuwa kwangu. Tairi la nyuma lilikuwa limetoboka kwa mwiba. Nililishusha gurudumu, nikaziba, nikakalia, nikarudisha. Nati zote nilikuwa nimezitia kwenye ungo ili zisipotee kwenye mchanga. Ungo huo ulikuwa na mahindi. Na nilikuwa na yule kuku mwekundu, unamkumbuka, aliyekuwa anaatamia ndani ya mtungi uliovunjika. Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, ana njaa ya siku nzima, anadonoa bila kutazama. Nikasikia ungo unalia ta-ta-ta. Nilipogeuka, ndogo haipo.

Nilijua iko wapi. Imo ndani ya kuku. Ningemchinja palepale ningeitoa, ningeiosha, ningeifunga, na Mzee wetu leo angekuwa ananung'unika hapa kwamba chai ya kwangu nyepesi. Lakini kuku ana mayai kumi na mawili chini yake, na mimi nikahesabu vifaranga.

Nikaitia bolti bila nati. Nikaufunga ule mkono wa breki kwa ugwe wa mkonge, nikazungusha mara saba, nikakaza kwa meno. Nikasema, ugwe huu unafunga mizigo ya Mdachi inayokwenda Ulaya, utashindwa na kipande cha chuma? Nikapaka masizi juu yake, rangi ifanane.

Masizi hayo, Mama Rehema. Ugwe ni ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini masizi niliyapaka kwa sababu yako. Mzee alikuwa anakuja kwako kesho yake, na sikutaka uone kwamba Bi Mkubwa kapoteza nati. Hukuwa unaligusa gurudumu langu, lakini macho ulikuwa nayo. Ningekuachia uone, ungecheka siku nzima, halafu ungetafuta nati nyingine kwa mafundi wako wa stesheni kabla ya jua kuzama. Mimi sikutaka kuchekwa.

Asubuhi akaondoka, ameoga, ameshiba, kanzu nyeupe. Nikamwambia, "Uende taratibu mteremkoni." Akasema, "Naenda taratibu tangu lini?" Ndilo neno la mwisho aliloniambia akiwa amesimama.

Walimkuta chini, pale njia inaposhukia mtoni. Kichwa kimegonga jiwe. Gurudumu la mbele limepinda na limechomoka, liko peke yake majini. Wakamleta kwangu kwa machela, na baiskeli wakaiburuta nyuma. Wakati wanaume wanamlaza ndani, mimi nilipita nje. Nikainama kwenye gurudumu langu. Ugwe umekatika, vipande vinaning'inia. Ule mkono wa chuma umezunguka umekwama kwenye njiti. Alikanyaga breki, breki ikageuka ikalikaba gurudumu, akarushwa, na la mbele likapiga jiwe likachomoka. Nilielewa yote nikiwa nimeinama vile. Nikavikata vile vipande kwa kucha, nikaingia jikoni, nikavitia motoni. Vikanuka. Mkonge ukiungua una harufu yake, mpaka leo shamba wakichoma takataka nafunga dirisha.

Alikaa siku nne. Siku ya tatu alifumbua macho akaniuliza, "Baiskeli imeumia?" Nikamwambia, "Haijaumia. Pumzika." Wewe ulikuwa umefika, ulikuwa umeshika miguu yake. Ulisikia.

Siku ya nne akafariki. Halafu tangani, kwenye msiba wake. Watu wameona gurudumu la mbele limechomoka, na kila mtu Mlali anajua la mbele ni la nani. Mpwa wa marehemu akasimama, maana kwetu anayerithi ni mpwa, akasema mwanamke wa mjini hakukaza nati. Mwingine akadakia, labda hakutaka kuikaza. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka wa wafiwa karibu na mimi, bega kwa bega. Ulinigeukia mimi.

"Dada," ukasema. Siku zote ulikuwa unaniita Bi Mkubwa. Siku ile uliniita dada. "Dada, waambie. Wewe unazijua nati zangu."

Nami nikasema, "La mbele si langu."

Maneno manne. Ya kweli yote. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Uliniangalia. Hukulia. Ulisimama, ukaenda kulichukua lile gurudumu lililopinda, ukajitwika kichwani kama mwanamke anayetoka kuteka maji, ukamshika Rehema mkono, ukaondoka kwenda kwenu Matombo. Hukumaliza hata eda kwenye nyumba yako. Wakasema, mnaona, anakimbia. Na mimi nilikaa pale nikaletewa uji, nikanywa.

Nilitaka kusema siku ya arobaini. Nikasema nitasema baada ya mfungo. Halafu mvua ikaja, nikasema njia mbaya, kwani neno linahitaji njia? Kila nilipochelewa likazidi uzito. Mimi si mtu wa kulialia, unanijua. Ila nimechoka. Nimechoka usingizini, nimechoka nikiamka. Nakaa hapa naangalia mwili wa ile baiskeli umeegemea ukuta, uma wake wa mbele mtupu, kama mtu aliyenyoosha mikono miwili anangoja kupewa kitu. Kila mwezi naufuta, napaka nyonyo. Sijui namfutia nani.

Yule kuku alikufa kwa uzee. Nilipompasua, nati ilikuwa kwenye firigisi, imesagika laini kama ushanga. Ninayo.

Basi. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya wanaosikia: gurudumu la mbele halikuwa na kosa. Nati zake zilikazwa. Mama Rehema hakumwua mtu. Aliyefunga breki kwa ugwe ni mimi, aliyeficha ni mimi, aliyenyamaza ni mimi. Mwenye posa aliyeivunja, aliivunja kwa kosa lisilo la nyumba ile. Kama ni kukataa ukoo wa mwenye kosa, aje akatae wa kwangu. Binti zangu wameshaolewa, hasara yake haitanifika.

Mwalimu Sefu ameweka kalamu chini. Anasema, "Bibi, hitima ilisomwa, marehemu amelala. Watu watakutenga. Hili la ugwe tungeliacha."

Nimemwambia, "Mwalimu, nimeshatengwa na aliyekuwa ananichekesha. Andika."

Ameandika.

*

Leo ni Jumapili. Nimemwita Mwalimu aongeze haya, maana barua haikuondoka jana kama nilivyotaka, na ni vizuri ujue.

Ilisomwa Ijumaa. Nilibebwa na wakwe zangu kwenye kiti mpaka uani mwa msikiti, nikakaa nje kwenye jua ili kila mtu anione. Mwalimu alisoma kwa sauti nzuri. Pale pa wewe kupanda baiskeli mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Alipomaliza, mpwa wa marehemu alinijia na kidole chake.

"Ulikunywa uji wetu," akasema. "Ulikunywa uji wetu tangani ukijua, na miaka yote hii ukanyamaza!"

"Nilikunywa," nikasema. "Sukari ilikuwa kidogo."

Mungu anisamehe, ndivyo nilivyo. Nikamwambia pia kwamba ana haki, na kwamba nisamehewe au nisisamehewe, asimguse tena Mama Rehema kwa mdomo wake. Jioni akaja na watu, akachukua mwili wa baiskeli na gurudumu la nyuma, na spana, na ule mfuko wa ngozi wa barua. Ni mrithi, ni vyake. Nikamwambia achukue. Nikamwonyesha na mahali pa kupaka mafuta, hakusikiliza. Tangu hapo hakuna wa kwao aliyeniamkia. Jirani yangu wa miaka yote alipita jana akatazama migomba.

Baba wa yule kijana alimwomba Mwalimu arudie kile kipande cha tangani, ulichosema wewe na nilichosema mimi. Akasikiliza mara mbili. Akavaa makubazi yake akaenda. Nililala nikijua nimeshindwa.

Leo asubuhi mkewe, yule wa kisimani, alisimama kwenye ua wangu. Hakukaribia baraza. Hakunisalimu. Akaniuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha:

"Matombo kwa miguu ni siku ngapi?"

Nikamwambia, "Mbili, kwa mwenye miguu. Apite chini, asijifanye kupanda mlima."

"Na nyumba yao mtu ataijuaje?"

"Atafute mwanamke mrefu. Ukutani kwake pametundikwa gurudumu."

Sijui kama umelitundika. Nimesema hivyo kwa kubahatisha, kwa sababu ungekuwa ni mimi ningelitundika. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kwa hiyo ukiona wageni wana vumbi mpaka magotini, wape maji kwanza. Halafu Rehema aamue mwenyewe kama bado anawataka. Asichukue watu kwa sababu wamemkubali, awaangalie usoni.

Herufi hizi ni za chuo, za Kiarabu. Mtafute anayezijua, akusomee yote, asirukeruke.

Pamoja na barua nimekufungia vitu viwili kwenye kitambaa. Kimoja ni ile nati. Ukitaka itupe mtoni, ukitaka niletee uniponde nayo kichwani. Cha pili ni kijiti chako cha mwanzi. Hicho nilikificha, mpwa hakukiona. Alama ya juu ni yako, ya chini ni yangu. Kati yake ni vidole vitatu tu, Mama Rehema. Nimevipima tena na tena hapa nilipokaa, na kwa vidole vyangu au vyako ni vitatu vilevile.

Baiskeli haipo tena. Gurudumu lako halina pa kukaa. Basi ukija, liache hukohuko ukutani; njoo mikono mitupu. Mimi siwezi kuja, ningekuja. Nitakuwa hapa barazani, na nikikuona unatokea kwenye migomba sitaweza kusimama, usidhani ni kiburi.

Lala salama huko kwenu. Mimi huku najaribu.

Ni mimi, mwenye mkono mfupi,
mke mwenzio, dada yako,
Mama Mwajuma